Hesabu ya Kukimbia

Katika miaka ya vita, mtaa wetu wa Rumonge ulikuwa hodari wa kukimbia. Kila nyumba ilikuwa na furushi lililofungwa tayari nyuma ya mlango: nguo mbili tatu, sufuria ndogo, chumvi, vitambulisho. Akitokea mtu barabarani na furushi kichwani, hukumwuliza kitu. Ulichukua lako ukamfuata. Kabla sufuria ya chai haijachemka, mtaa mzima ulikuwa umeshavuka barabara kubwa na kujaa katika uwanja wa shule. Hapo tulikaa saa mbili au tatu, kisha tukarudi majumbani kwa makundi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake tulikuwa tunamkimbia nani. Swali la namna hiyo lilionekana kukosa adabu.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha mapema, na hesabu nilijifundisha mwenyewe, kwanza kwa sababu kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, baadaye kwa kuipenda tu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba niliyofanya mwaka ule sikuyafanya kwa sababu ya elimu kubwa. Niliyafanya kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita.

Mimba mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka, ya pili siku moja baada ya kukimbia. Muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke wa maneno machache, alimpima, akaniita ndani, akasema mbele yetu sote wawili:

"Huyu alale. Asibebe maji, asitwange, asikimbie. Akikimbia tena, musije hapa kuniuliza mutoto iko wapi."

Njiani mke wangu alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Kulala nitalala," alisema. "Lakini watu wote wakikimbia, mimi nitabaki na nani?"

"Utabaki na mimi."

"Na wewe? Mara ya mwisho nilikuona mgongo tu."

Ilikuwa kweli. Mara ya mwisho nilikuwa mbele yake, nimebeba kichwa cha cherehani begani. Nilimweleza kwamba chuma kile ni kizito, na mwenye mzigo mzito analazimika kwenda haraka kabla hajachoka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililoniuma kuliko kama angenigombeza.

Basi nilijua wazi lililokuwa mbele yangu. Kumfundisha mke wangu kubaki peke yake katika mtaa mtupu haikuwezekana. Hata mimi nisingebaki. Ilibidi mtaa ndio uache kukimbia bure, kwa miezi mitatu tu, mpaka ajifungue.

Siku hizo nilikuwa nakatia paterni za nguo kwenye magazeti ya zamani ya Kifaransa. Yaliachwa na mwalimu mmoja aliyeondoka nchini vita ilipoanza, na mlinzi wake akaniletea mzigo mzima. Kabla ya kukata ukurasa nilikuwa na desturi ya kuusoma, nikisaidiwa na kamusi ambayo kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, hivyo maneno yote ya A, B na C nililazimika kuyakisia. Katika gazeti moja nilikuta picha ya kundi la samaki wadogo, wamejikunja pamoja kama kitambaa kinachopepea, na chini yake maelezo ya wataalamu waliojaribu kuandika mwendo wa kundi kama hilo kwa hesabu.

Kwa nilivyoelewa, walisema kundi halina mkubwa. Kila samaki anafuata kanuni tatu tu: asimgonge aliye karibu, aelekee wanakoelekea walio karibu, asiachwe nyuma. Hatazami kundi zima, na hajui kundi linakwenda wapi. Anatazama majirani wachache, basi. Ukiongeza na kukosea kidogo, maana hakuna anayeiga sawasawa, kundi zima linageuka kama mwili mmoja. Jinsi hesabu yenyewe inavyofanywa ilikuwa kwenye ukurasa uliofuata, ambao nilikuwa nimeshaukata. Ulikuwa mkono wa shati la shule.

Niliamua kuitengeneza upya. Nilichora miraba kwa chaki juu ya meza ya kukatia, nikapanga pini arobaini, kila pini samaki mmoja, kichwa cha pini kikiwa kichwa cha samaki. Kila hatua, kila pini ilitazama zile zilizo karibu nayo kwa upana wa vidole vinne, ikachukua wastani wa uelekeo wao, kisha ikasogea. Kwa ajili ya makosa nilikuwa na kopo la vifungo: nikitoa chekundu, pini inapinda kidogo kushoto, cheupe, kulia, cheusi, inabaki ilivyo.

Wiki ya kwanza niliaibika. Nilipima pembe kwa kile kipimio cha plastiki cha wanafunzi, nikajumlisha, nikagawanya. Samaki wawili walikuwa wanaelekea kaskazini, mmoja amepinda nyuzi kumi upande huu, mwingine nyuzi kumi upande ule. Mmoja nilimwandika kumi, mwingine mia tatu na hamsini. Nusu ya jumla yao ni mia na themanini. Wote wawili wakageuka, wakarudi kusini. Siku tatu nilitafuta kosa kwenye kugawanya kwangu, na kugawanya kulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba uelekeo unajumlishwa kama mita za kitambaa. Mwishowe nilikata vipande vya uzi vyenye urefu mmoja, nikavilaza kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikielekea anakoelekea samaki wake, kisha nikatazama mwanzo na mwisho wa mstari. Huo ndio ulikuwa wastani. Samaki wangu wakaenda kaskazini kama watu wenye akili.

Mke wangu alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango.

"Wanakwenda wapi hao?" aliuliza.

"Popote. Inategemea wenzao."

"Na suruali ya mwenye baiskeli?"

Mwenye baiskeli alikuwa jirani yetu wa mbele, fundi wa baiskeli, na suruali yake ilikuwa imekaa chini ya samaki kwa siku kumi na mbili.

Kwenye meza ile niliona jambo moja lililonisaidia. Nikiigeuza pini moja kwa kidole, ghafla, zile za karibu zinageuka, kisha za karibu nazo, na baada ya hatua sita au saba zote arobaini zimegeuka. Na hakuna pini, isipokuwa ile ya kwanza, iliyoona kidole. Nilikwenda asubuhi kwenye maji ya kina kifupi kuwatazama ndagala, hao dagaa wadogo wa ziwa letu, nikainua kofia yangu juu ya ukingo wa kundi. Kundi zima likageuka, hata walioko mbali ambao kivuli cha kofia hakikuwafikia. Nilirudia mara nyingi. Wavuvi wakaanza kunisalimu kwa upole, kama mtu aliyefiwa.

Hivyo swali likawa dogo. Sikuhitaji kujua kwa nini mtaa unakimbia. Nilihitaji kujua kidole kiko wapi.

Nilifungua kaye mpya, daftari la mistari kama la wanafunzi. Baada ya kila kukimbia nilikwenda kwa watu mmoja mmoja na kuwauliza: ulimwona nani kwanza? Fundi baiskeli alisema alimwona mwanamke wa mandazi. Mwanamke wa mandazi aliwaona wauza makaa. Wauza makaa walikasirika.

"Sisi tuliona wanawake wanapanda kutoka ufukoni, mbio, mizigo iko kichwani. Wewe ungekaa?"

"Hapana," nilisema, maana sikukaa.

Mnyororo wote ulirudi ufukoni kila mara, na ufukoni ukapotea. Nilikuwa bado naandika mishale kwenye kaye wakati mke wangu, ambaye siku hiyo tulikuwa tumempeleka uwanja wa shule na kumrudisha juu ya mkokoteni, aliposema huku akikamua kitenge chake:

"Mbona kila tukikimbia tunanyeshewa?"

Nilimwambia ni msimu. Baada ya siku mbili nilifungua kaye, nikaongeza safu ya hali ya hewa ambayo sikuwa nimeiweka, nikaijaza kwa kukumbuka, kisha nikamtangazia kwamba nimegundua uhusiano kati ya kukimbia na mvua. Alisema, "Hongera."

Ukweli ulikuwa hivi. Wanawake wa ndagala huanika samaki juu ya mchanga tangu asubuhi. Mvua ikionekana inavuka ziwa kutoka milima ya Kongo, wana muda mfupi sana wa kuanua. Wanakusanya samaki kwenye mabeseni na vitambaa, wanajitwika, wanapanda mbio kwenda majumbani, na hawasemi neno kwa sababu pumzi haitoshi. Aliyeko juu ya mtaa anaona wanawake wanakimbia kimya, mizigo kichwani, na nyuma yao mbingu imekuwa nyeusi. Anachukua furushi. Kwa mwaka na zaidi, isipokuwa mara chache, tulikuwa tunaikimbia mvua, na kwenda kuipokea mahali pasipo na paa.

Nilikwenda ufukoni kuzungumza na mkubwa wa wanawake wale. Alikuwa mama wa Kikongo, mpana, mkali, aliyevuka ziwa miaka mingi kabla, na wote walimwita Mama Ndagala.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, fundi. Leo umekuja bila kofia? Samaki watakukosa."

Nilimweleza yote: pini, majirani, kidole. Nilimweleza juu ya mke wangu. Alisikiliza huku akigeuza samaki kwa mguu.

"Sasa unataka nini? Mvua ikija tutembee kama maharusi?"

"Mkitembea polepole, watu wa juu—"

"Ndagala ikilowa inaoza, fundi. Haitaniambia pole. Mwambie mutu wa juu aangalie mbingu. Hana macho?"

"Anayo, mama. Lakini anamwangalia jirani."

Alicheka, wenzake wakacheka. Mmoja akasema kama ni hivyo mimi nikae barabarani na kibao. Mwingine akasema kibao kitalowa. Nikamwuliza Mama Ndagala kama watu wanaokimbia risasi huwa wanaimba.

"Nani aimbe? Na risasi nyuma?"

"Basi nyinyi mkianua, imbeni."

Alitazama tumbo la mmoja wa wanawake wake, ambaye naye alikuwa mjamzito.

"Tutaimba," alisema. "Lakini pumzi utatuletea wewe."

Kuchagua wimbo kulichukua siku nne. Wakristo walitaka wimbo wa kanisa. Waislamu wakasema hawawezi kusikika wanakimbia na wimbo wa kanisa mtaa mzima. Wakapendekeza wa harusi, na wajane wakaukataa. Mwishowe walitunga wao wenyewe wimbo mfupi juu ya mwanamume anayelala mchana wakati mke wake ananyeshewa, na hapo dini zote zikakubaliana. Nilizunguka mtaani kuwaeleza watu: ukisikia wimbo ule, ni mvua, kaa. Wanaume hawakuupenda wimbo, lakini waliukumbuka vizuri.

Mvua ya kwanza ilikuja wiki hiyohiyo. Wanawake walipanda mbio wakiimba, wakikosa pumzi, wakicheka. Watu walisimama milangoni, wengine mafurushi mkononi. Fundi baiskeli aliinuka, akakaa, akainuka, akakaa. Hakuna aliyekimbia. Mke wangu alibaki kwenye mkeka wake. Mara ya pili hakuna aliyeinuka. Mara ya tatu watu waliitikia. Katika kaye niliandika kwamba kanuni ya nne, ya sikio, inatosha kushinda zile tatu, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Siku ninayotaka kuisimulia haikuwa na wingu hata moja. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Nilikuwa mezani, nashona, pini nimeshazirudisha kwenye kazi yake. Kutoka ufukoni ilisikika milio miwili, mikavu. Kisha kimya. Kisha wimbo.

Fundi baiskeli hakuinua hata uso. "Mvua hiyo," alisema.

"Hata radi nimesikia," alisema mwanamke wa mandazi.

Nilitazama juu. Jua lilikuwa katikati ya mbingu. Nikatazama ziwa kati ya nyumba mbili. Liling'aa, na milima ya ng'ambo ilionekana wazi. Wimbo ulikuwa unapanda, lakini ulikuwa unaimbwa haraka mno, na hakuna aliyecheka ndani yake.

Nilijua. Katika mtaa mzima, nadhani nilikuwa mtu pekee aliyejua. Na nilijua pia kitakachotokea nikisimama: fundi baiskeli angeniona, mwanamke wa mandazi angemwona fundi baiskeli, na baada ya hatua sita au saba mke wangu angekuwa barabarani na miezi yake minane. Nilikuwa nimeipima hesabu hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Rumonge. Kwa upande wa pili kulikuwa na watu wenye bunduki, sikujua wangapi, sikujua kama watapanda, na kulikuwa na majirani wote waliokaa kwa sababu mimi niliwaambia wakae.

Niliendelea kushona. Mguu wangu ulikanyaga pedali na mshono ulikwenda moja kwa moja, kisha ukatoka nje ya kitambaa, na mimi nikaendelea.

Wanawake walifika mtaani wakiimba, macho yametoka, wengi bila mabeseni. Walitukuta tumekaa. Mwanamke wa mandazi alikuwa anageuza mandazi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitia kwenye hesabu yoyote: walipunguza mwendo, wakatazamana, wakasimama. Mmoja akakaa kwenye kibaraza changu. Wengine wakakaa. Wimbo ukafa taratibu. Mama Ndagala alinikaribia, akaegemea meza kwa mikono miwili.

"Wako wangapi?" nilimwuliza chinichini.

"Sita. Saba. Wanapakia samaki zangu kwenye mutumbwi." Alihema. "Mbona mumekaa?"

"Mbona mliimba?"

"Nilitaka kupiga kelele, fundi. Mdomo ukatoa ile."

Tulibaki hivyo. Hatimaye kutoka ufukoni ilisikika mota, ikaenda kusini, upande wa Kabonga, ikapotea. Walichukua ndagala zote zilizokauka na chumvi ya wiki nzima. Hawakupanda kuja kwetu, na kwa nini hawakupanda sijui mpaka leo. Pengine mtumbwi ulijaa.

Jioni hiyo habari ilipoenea, watu walikuja kunishukuru. Walisema kama wangekimbia kuvuka barabara kubwa, pengine wangekutana na wengine wa namna hiyo. Walisema mpango wangu umeokoa mtaa. Mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Murakoze, fundi, murakoze cane." Niliwapokea kwa unyenyekevu, ambao ulikuwa rahisi, kwa sababu mpango ulikuwa umeshindwa kabisa. Ulitengenezwa ili watu wakae kwa mvua na wakimbie kwa bunduki. Walikaa kwa bunduki. Kama wale wangepanda, wangetukuta tumepangwa vibarazani kama vikombe.

Mke wangu alingoja mpaka wageni wameondoka.

"Ulijua kwamba si mvua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Aliweka mikono juu ya tumbo.

"Usiwaambie," alisema. Kisha: "Na usilifanye tena."

Sikuwaambia. Kwenye kaye niliandika tarehe, hali ya hewa, na idadi ya waliokaa. Safu ya sababu niliiacha wazi. Siku iliyofuata nilikwenda kwa Mama Ndagala, tukakubaliana kwamba mvua ikija waimbe, na jambo jingine likija waangushe mabeseni yao ya bati popote walipo. Aliniuliza nani atamlipia beseni. Nilimshonea vitenge viwili.

Mwezi wa tisa ulipotimia, asubuhi moja mke wangu aliinuka kwenye mkeka, akasema, "Twende. Polepole." Nilimwita Mama Ndagala, akaja na wenzake wawili. Alichukua furushi la nguo za mtoto, akalitia kichwani, na sisi watano tukatoka, mke wangu mbele, hatua kwa hatua, akisimama kila uchungu ulipokuja.

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, njia ileile ya uwanja wa shule. Sikuwaza hilo mpaka nilipogeuka. Nyuma yetu alikuwa mwanamke wa mandazi na furushi lake. Nyuma yake wauza makaa. Nyuma yao mtaa.

Fundi baiskeli alinifikia, watoto wawili mkononi.

"Fundi, wametokea wapi?"

"Akina nani?"

"Mimi sijui. Nakuuliza wewe."

"Mke wangu anazaa."

"Aa," alisema. "Murakoze." Akaendelea kutembea, maana mke wake alikuwa ameshatangulia.

Hakuna aliyekimbia. Aliye mbele alikuwa mke wangu, na hakuna aliyempita. Alipopatwa na uchungu akasimama, mtaa mzima ulisimama, mpaka mwisho wa foleni, ambako hakuna aliyeweza kumwona. Alipoenda, walikwenda. Sijawahi kuona watu wanakimbia vizuri namna hiyo.

Muuguzi alitoka mlangoni, akatazama uwanja uliojaa, akaweka mikono kiunoni.

"Nani anazaa hapa?"

"Ni huyu mama mmoja," alijibu mzee aliyekuwa ameketi juu ya furushi. "Sisi wengine tunakimbia tu."

Binti yetu alizaliwa kabla ya adhuhuri, mzima, mwenye sauti. Nilitoka nje kuwaambia. Walifurahi, wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakakaa tena. Niliwaambia wanaweza kurudi nyumbani. Waliniuliza kama kuko salama. Nikiwa mtu wa kusema ninachokijua, nilijibu kwamba sijui, na kwa hiyo hakuna aliyeondoka.

Ilikuwa alasiri mke wangu alipoomba dirisha lifunguliwe. Alijiinua kwa kiwiko, mtoto kifuani, akawatazama wote.

"Hakuna kitu!" aliwaambia. "Nendeni mukapike!"

Walitazamana kwanza, kila mmoja akingoja kuona nani atainuka.